Chekechea Niliyoilinda Dhidi ya Watoto

Kwa miaka mitatu na miezi minne nililinda shule ya chekechea dhidi ya watoto, na nasema kwa fahari kwamba katika muda wote huo hakuna hata mmoja aliyefanikiwa kuingia. Walijaribu. Kuna mmoja aliyepitisha mguu chini ya uzio, na kuna mwingine aliyetupa kiatu ndani makusudi ili apate sababu ya kukifuata. Kiatu nilikirudisha kwa kukitupa nje, kwa mujibu wa kanuni. Kila jioni nilifungua daftari la lindo nikaandika maneno matatu: hali ni shwari.

Nchi yenyewe ina jina zuri sana, ila huwezi kulitaja bila kibali, na dirisha la vibali hufunguliwa Alhamisi, siku ambayo karani wake huwa kwenye semina. Kwa hiyo sisi wenyeji tunaiita Nchi Husika, kama inavyoandikwa kwenye barua. Mimi naitwa Faki. Ni mlinzi, na mlinzi hana maoni. Ana rungu, filimbi na daftari. Mkikuta humu kitu kinachofanana na maoni, jueni kimeniponyoka.

Shule yangu inaitwa Chekechea ya Taifa ya Bei Nafuu. Ina vyumba vinne, kuta zilizochorwa twiga na herufi, vyoo vidogo vinavyomfika mtu mzima magotini, na uani bembea sita zilizoviringishwa nailoni tangu siku zilipoletwa. Ilikuwa imekamilika hadi kitasa cha mwisho. Kilichokosekana ni mgeni rasmi. Kwa sheria za Nchi Husika, jengo ambalo halijakatiwa utepe na mgeni rasmi si jengo, ni mradi, na mtoto haruhusiwi kusoma ndani ya mradi kwa sababu anaweza kuumia. Basi watoto waliumia nje, mahali ambapo Serikali haihusiki.

*

Siwema nilimjua kwa mbio zake kabla ya kumjua kwa sura. Kila asubuhi alikata kona ya duka la mkaa, mtoto mmoja akimvuta kwa mkono, mwingine mgongoni, mkoba wake wa mikasi ukimgonga kiunoni, na kupita getini kwangu akisema, "Shikamoo, Mzee Faki!" bila kusimama. Marahaba yangu ilimkuta keshafika darajani.

Alikuwa na haki ya kukimbia. Nchi Husika ina kitu kinaitwa Mpango wa Mgawanyo wa Haki, unaokataza watoto wa tumbo moja kusoma shule moja. Wataalamu waligundua kwamba ndugu wakikaa shule moja husaidiana, na kusaidiana ni dalili ya kwanza ya udanganyifu kwenye mitihani. Kwa hiyo mwanawe mkubwa, Mbaruku, wa darasa la nne, alipangiwa shule ya mashariki, kilomita mbili kutoka nyumbani. Nuru, wa darasa la pili, alipangiwa ya magharibi, kilomita tatu upande wa pili. Mageti yote ya nchi hufunguliwa saa moja kamili na kufungwa saa moja na dakika tano, kwa ajili ya usawa. Na mtoto hapokelewi mpaka akabidhiwe na mzazi wake mwenyewe, kwa sahihi. Zamani watoto walikwenda shule peke yao, Wizara ikajiona haina kazi.

Siwema akafanya ambacho angefanya mtu yeyote mwenye miguu miwili. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alianza mashariki, na Nuru akachelewa. Jumanne na Alhamisi alianza magharibi, na Mbaruku akachelewa. Mtoto aliyechelewa hung'oa majani uwanjani mpaka saa nne, wakati wenzake wanasoma hisabati. Mwisho wa mwaka Nuru alikuwa anajua kujumlisha tu na Mbaruku anajua kutoa tu, na viwanja vya shule zote mbili vilikuwa safi kabisa.

Wazazi walipolalamika, Wizara haikukaa kimya. Ilitoa kijitabu kinachoitwa Mzazi Bora Hujigawa, chenye picha ya mama aliye sehemu mbili kwa wakati mmoja, akitabasamu sehemu zote mbili.

Msiulize baba yuko wapi. Kombo ni mume mwema, lakini ni mpiga tarumbeta wa Bendi ya Mapokezi ya Taifa, na viongozi wa Nchi Husika hawaishi kurudi kutoka safari. Maskini wa Mungu anaishi uwanja wa ndege. Watoto wake humwona kwenye taarifa ya habari, upande wa kushoto wa zulia, mashavu yamejaa.

*

Tatizo lenyewe lilikuwa yule wa mgongoni. Jina lake Chausiku. Alikuwa na macho ya kuuliza na mikono mirefu ya ukoo wa baba yake, na mikono hiyo ndiyo ilimnyima mama yake usingizi.

Mnakumbuka kipimo cha wazee wetu: mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, akilishika sikio la kushoto basi amefika umri wa shule. Nchi nyingine zimekiacha kwa sababu zimegundua vyeti vya kuzaliwa. Nchi Husika imekijengea ghorofa saba. Panaitwa Idara ya Masikio, ina mkurugenzi, manaibu wanne na gari lenye king'ora. Sheria yake ni nyepesi. Mtoto ambaye mkono haujafika sikioni ni wa chekechea. Ambaye umefika ni wa darasa la kwanza, mradi awe na cheti cha chekechea. Ambaye umefika na cheti hana, sheria haimtambui. Atabaki nyumbani kama jambo la kifamilia.

Yaani mtoto lazima aingie chekechea kabla mkono haujafika. Ukifika akiwa nje, ndiyo basi tena, maisha yake yote. Na mkono, tofauti na Serikali, haujui kusubiri.

Kila Jumapili Siwema alimkalisha Chausiku kwenye kigoda, akamwambia alaze mkono juu ya kichwa, kisha akapima kwa futi yake ya kushonea nafasi iliyobaki kati ya ncha ya kidole na sikio. Nilipoanza kuwafahamu zilikuwa zimebaki inchi mbili.

Kazini kwake nako kulikuwa kumechafuka. Siwema anashona katika Karakana ya Majoho, inayotengeneza yale majoho meusi na kofia za pembe nne wanazovaa watoto wa chekechea siku ya mahafali. Hapo ndipo alipokuwa akifika na Chausiku mgongoni, saa mbili badala ya saa moja na nusu. Msimamizi wake, Bwana Tindwa, alimpa barua ya kwanza ya onyo, kisha ya pili.

"Dada Siwema," alimwambia, "mimi sina roho mbaya. Lakini hii ni karakana ya mavazi ya watoto. Ukileta mtoto humu, si utatuvurugia kazi?"

Barua ya tatu ndiyo huwa ya kwaheri.

*

Alianza kutafuta. Mahali pa kwanza palikuwa Akademia ya Kimataifa ya Vipaji vya Alfajiri, yenye bwawa la kuogelea, farasi mmoja na majani ya kijani ambayo watoto hawaruhusiwi kuyakanyaga. Ada ya muhula ilitosha kununua basi la shule, na nauli ya basi haikuwemo. Hata hivyo Siwema alikwenda, maana tangazo lao lilisema kuna nafasi moja ya msaada kwa mtoto wa hali ya chini mwenye upeo wa juu. Mwalimu mkuu alimweka Chausiku kwenye kiti cha ngozi akamuuliza anajiona wapi baada ya miaka ishirini.

"Nataka kukojoa," alisema Chausiku.

Mwalimu mkuu akaandika kwenye fomu: hana maono ya mbali.

Mahali pa pili palikuwa uani kwa Bi Mwatima, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiwakusanya watoto wa mtaa mzima chini ya turubai, akawafundisha kuhesabu kwa kokoto na kuwapa uji, na mzazi alileta alichonacho. Chausiku alikaa pale wiki mbili, wiki mbili pekee ambazo nilimwona Siwema akitembea kama binadamu wengine. Halafu akaja mkaguzi. Aliwakuta watoto wa miaka mitano wanasoma gazeti lililofungiwa maandazi, akashtuka. Katika ripoti yake aliuliza watoto hawa wamejuaje kusoma kabla ya mtaala kuwaruhusu. Tena uani kwa Bi Mwatima hapakuwa na mahafali, wala majoho, wala mgeni rasmi. Pakafungwa kwa usalama wa watoto. Turubai lilichukuliwa kuwa kielelezo, na sasa linafunika gari la mkaguzi.

Siku ile Siwema alisimama getini kwangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amechoka, uso umemshuka.

"Mzee Faki, niambie ukweli. Hii itafunguliwa lini?"

"Mwanangu, mimi nalinda tu."

"Si unawasikia wakubwa wakija kukagua?"

"Nawasikia. Husema hivi karibuni."

"Hivi karibuni ya lini?"

"Ya mwaka juzi."

Chausiku alikuwa ameshuka mgongoni, ameshika uzio kwa mikono miwili, anatazama uani.

"Babu," aliniuliza, "zile bembea zinaumwa?"

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Zimefungwa bandeji."

Nilimwambia asogee, haruhusiwi kushika uzio wa Serikali. Ndiyo kazi yangu. Jioni nikaandika hali ni shwari, na naungama kwamba mwandiko haukunyooka.

*

Mwezi uliofuata likabandikwa tangazo: Mheshimiwa Waziri wa Makuzi atakuja kuizindua Chekechea ya Taifa tarehe moja ya mwezi ujao, na watoto watapimwa masikio na kupokelewa siku hiyohiyo. Siwema alikuwa mtu wa tatu kwenye foleni ya kuandikisha. Mkono wa Chausiku ulikuwa umebakiza inchi moja na nusu.

Tarehe moja Waziri hakuja. Alikuwa nje ya nchi kwenye kongamano kuhusu hatari ya kuchelewesha elimu ya awali, na kongamano lilikuwa limechelewa kuanza. Ikapangwa tarehe nyingine. Siku hiyo alifika mpaka kona ya duka la mkaa, akaambiwa utepe ni wa kijani, akageuza gari, kwani itifaki inataka wa buluu. Mara ya tatu utepe ulikuwa wa buluu lakini mkasi haukuwepo. Zabuni ilitangazwa, mzabuni akashinda, akaleta mkasi wa kupogolea michongoma. Siwema, aliyekuwa na mikasi saba ya kila aina mkobani, alisogea akainyoosha yote mbele ya afisa itifaki.

"Chukueni wowote, baba. Chukueni wote."

"Mama, umepitia zabuni?"

"Sijapitia. Nimepita tu."

"Basi rudi nyuma ya kamba."

Jumapili iliyofuata, futi ilionyesha nusu inchi. Iliyofuata tena, ilikuwa unene wa punje ya mchele. Siwema aliniambia kwamba alikaa chini palepale sakafuni akalia, na Chausiku akadhani amekosea kitu, akamwambia, "Mama, basi nitaukunja."

Nadhani neno hilo ndilo lililomzindua. Alifuta machozi, akafunua cherehani.

Fundi yeyote anajua kwamba kwapa la nguo likishuka, mkono haupandi. Siwema alimkatia mwanawe shati jeupe zuri la kola, lakini kwapa alilishusha mpaka karibu na mbavu, mkono akaubana, mshono akaupiga mara mbili. Chausiku akilivaa aliweza kula, kuandika na kukumbatia mtu mfupi. Juu ya bega, mkono haukwenda. Kwa nje usingeona kitu ila mtoto mwenye adabu nyingi.

Mama mmoja kwenye foleni aliligusa lile shati, akaelewa, akamvuta Siwema pembeni. Kesho yake walikuja wawili. Kabla ya mwezi kwisha, watoto wote walioandikishwa, mia mbili na kumi na wawili, walikuwa wanapita mbele ya geti langu viwiko vimebana mbavuni. Mimi niliona. Lakini nimeshawaambia, mlinzi hana maoni.

*

Siku iliyopangwa kwa mara ya nne ikafika. Waziri alitangazwa kuwasili saa mbili asubuhi, kwa hiyo watoto walipangwa juani saa kumi na mbili.

Bwana Ngwali, Afisa Masikio Mwandamizi, alivaa glavu nyeupe akaanza kupima. Alimshika kila mtoto mkono, akauinua, ukagoma njiani. "Haujafika!" akatangaza, karani akaandika. "Haujafika!" Alipofika mtoto wa mia moja jasho lilikuwa linamtoka kwa mshangao. Mbele yake walisimama watoto walioota meno ya ukubwani, na mmoja aliyeanza kubadilika sauti, na wote walikuwa wachanga kwa mujibu wa sheria. Kwa Chausiku alisita kidogo, akauvuta ule mkono mrefu. Nilimwona Siwema nyuma ya kamba akifumba macho.

"Haujafika!"

Siwema akafumbua macho. Sijawahi kuona mtu akipumua namna ile. Kilichobaki kilikuwa utepe tu, na baada ya utepe mtoto angekuwa ndani.

Waziri aliwasili saa tisa alasiri, king'ora mbele, Bendi ya Mapokezi nyuma, na Kombo akiwa na tarumbeta yake upande wa kushoto. Mheshimiwa ni daktari wa vyuo vitano. Vyote vilimpa udaktari wa heshima, na anautumia kila mahali, hata kwenye cheki. Alishika kipaza sauti, akakipuliza.

"Ndugu wananchi, na nyinyi watoto ambao ni wananchi wadogo wadogo! Wapo wanaosema Serikali imechelewa kuifungua shule hii. Nawauliza, imechelewa kulinganisha na nini? Mtoto ni taifa la kesho! Sasa kama ni wa kesho, leo haraka ya nini?"

Makofi. Watoto nao walijitahidi kupiga, kwa chini, usawa wa kitovu.

"Nimepata taarifa ya kitaalamu kutoka kwa Bwana Ngwali. Amepima watoto mia mbili na kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyezidi umri! Mnaona jinsi Serikali yenu ilivyoweza kuuzuia wakati?"

Akaendelea hivyo mpaka vivuli vikarefuka. Watoto wanne walianguka kwa jua wakaondolewa kimyakimya ili wasiharibu picha. Kisha, mkasi ukiwa mkononi na utepe mbele yake, Mheshimiwa akapata wazo la kumalizia. Mambo mengi katika Nchi Husika huharibika pale kiongozi anapopata wazo la kumalizia.

"Watoto wazuri! Kabla sijakata, nataka taifa lione. Anayeipenda Serikali yake, mikono juu!"

Hakuna mkono uliopanda.

Kamera zilikuwa zinamulika. Watoto walitazamana, mabega yakatikisika, viwiko vikabaki mbavuni. Waziri alicheka kidogo.

"Labda hawajanisikia. Nasema, mikono juu!"

 Wanaume wawili wenye miwani nyeusi wakatoa vijitabu, wakaanza kuhesabu watoto wasioipenda Serikali. Wazazi nyuma ya kamba waligeuka mawe. Mtoto akiinua, mshono unafumuka na itaonekana mkono unafika sikioni. Asipoinua, babake anaandikwa. Kombo alipotelewa na akili, akapuliza noti moja ndefu ya mapokezi, akanyamazishwa.

Hapo ndipo nilipomwona Chausiku. Naomba mnielewe, mtoto yule alikuwa hajui lolote kuhusu kuipenda Serikali. Alichojua ni mchezo aliofundishwa na kaka yake nyumbani, wa shule-shule: mwenye swali hunyoosha mkono. Naye alikuwa na swali, amelibeba mwaka mzima. Akakaza uso. Mkono ukapanda mpaka begani, ukagoma. Akausukuma tena.

Shati likapasuka kwapani. Sauti yake tuliisikia sote, mpaka jukwaani. Mkono ukapaa juu, mrefu kuliko wote niliowahi kuona kwa mtoto wa umri ule.

"Huyo!" Waziri alifurahi karibu aangushe mkasi. "Mzalendo! Sema, mwanangu, sema taifa likusikie!"

"Tutapanda bembea lini?"

Uwanja mzima ukageuka kutazama zile bembea ndani ya nailoni. Waziri naye alitazama. Kamera zikatazama.

"Swali zuri sana," alisema Mheshimiwa. "Litajibiwa kwa maandishi."

Chausiku, akiwa ameona haya kwa kutazamwa na watu wengi, akaushusha ule mkono juu ya kichwa chake, akajikuna sikio. La kushoto.

"Umefika!" alipiga kelele Bwana Ngwali, naye masikini alikuwa mtu wa kazi yake. "Mheshimiwa, umefika!"

*

Mshauri alimnong'oneza Waziri kwamba hawezi kumfukuza mbele ya kamera mtoto pekee anayeipenda Serikali. Waziri akanong'ona na yeye. Likaletwa joho jeusi na kofia ya pembe nne, Chausiku akavishwa, akatangazwa kuwa mhitimu wa kwanza wa Chekechea ya Taifa, na Mwanafunzi Bora, na akapewa cheti chenye mhuri wa dhahabu. Ndipo utepe ukakatwa. Yaani mtoto yule alihitimu shule kabla haijafunguliwa. Lile joho nililitambua kwa mshono wake. Siwema alikuwa amelishona wiki iliyotangulia.

Kesho yake alimpeleka darasa la kwanza, cheti mkononi. Karani akakisoma, akakirudisha.

"Mama, hiki ni cha heshima."

"Si kimesainiwa na Waziri?"

"Ndiyo. Cha heshima hakitumiki. Kitundike ukutani."

Hivyo ndivyo Chausiku alivyogeuka jambo la kifamilia.

Wale wengine mia mbili na kumi na mmoja waliingia, kwa sababu wale wa miwani nyeusi waliagizwa na wakubwa wao waweke vijitabu mfukoni kwanza. Baada ya wiki walimu wakaandika barua Wizarani wakisema hawajawahi kupata darasa tulivu kiasi hicho. Hakuna anayenyoosha mkono. Hakuna anayeuliza. Wataalamu walitumwa, wakakaa siku tatu, wakaligundua shati, na badala ya kukasirika wakaomba vipimo vyake. Kabla ya muhula kwisha lilitangazwa kuwa sare ya shule zote za Nchi Husika. Mwaka huu limefika vyuoni, kwa madiwani na kwa walinzi.

Oda ya mashati elfu arobaini ilikwenda Karakana ya Majoho, na fundi pekee aliyejua kulikata lile kwapa alikuwa Siwema. Bwana Tindwa aliichana barua ya tatu mbele yake. Hata Chausiku aliruhusiwa kukaa karakanani, mradi asiwe mtoto. Kwenye vitabu ameandikwa kuwa mto wa pini. Anakaa chini ya cherehani siku nzima, miaka sita sasa, na kila akiwa na swali hunyoosha mkono, kwani hajavaa shati lile tena.

*

Sare yangu ililetwa Ijumaa ya wiki iliyopita. Nililivaa shati nyumbani, nikajitazama kwenye kioo, nikajiona raia safi. Kisha nikajaribu, kwa kutaka kujua tu, kuinua mkono wa kulia. Nilitegemea ugome. Haukugoma. Uzi wa kwapani uliachia taratibu, mmoja baada ya mwingine, na mkono ukapanda mpaka karibu na dari.

Nikaligeuza shati ndani nje. Mimi si fundi, lakini mke wangu aliwahi kushona, na najua bandi nikiiona: ule mshono wa uzi mwepesi, wa kushikizia nguo tu mpaka fundi aje kuishona kweli.

Jumapili Siwema alileta furushi la sare za watoto shuleni kwangu, Chausiku akimfuata nyuma. Siku hiyo Siwema alikuwa anatembea, si kukimbia.

"Mwanangu," nilimwambia, "shati lako limenifumukia kwapani."

"Pole, Mzee Faki."

"Ni langu tu, au?"

Alishusha furushi, akakagua kama kuna mtu barabarani.

"Nimeshona elfu arobaini," alisema. "Yote nimepiga bandi. Mtoto wangu hawakumtaka kwa sababu alinyoosha mkono, Mzee Faki. Acha wasubiri siku hao wengine nao watakapokuwa na swali la kunyooshea mkono."

 Chausiku alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili, palepale pa siku zote. Bembea bado zimeviringishwa nailoni. Utepe ulihusu jengo, na bembea ni mradi mwingine wenye mgeni rasmi wake. Lile jibu la maandishi halijafika.

Nikachukua ufunguo, nikafungua geti. Nikatoa mkasi mmoja kwenye mkoba wa Siwema, ambao haujapitia zabuni yoyote, nikaikata nailoni ya bembea ya kwanza. Ilikuwa imeliwa na jua, ikakatika kwa urahisi. Chausiku alikaa, akashika minyororo, akanitazama kama anayengoja kufukuzwa. Nikamsukuma kwa mkono wa kulia, kwapa likiwa wazi.

Jioni, kabla ya kufunga geti, nilifungua daftari la lindo nikaandika: hali ni shwari.